Nakuru hadi Iten kupitia Bogoria na Kerio: namna ya kuifanya kwa siku moja na gari lako

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Bogoria liko kama mita 1,000. Kabarnet, mgongoni mwa Milima ya Tugen, inakurudisha karibu mita 2,000, halafu Bonde la Kerio linakushusha tena kwenye joto, na mwisho Tambach inakupandisha hadi Iten, mita 2,400. Yote hayo ni kabla ya chai ya jioni. Ndiyo maana safari hii huipanga kwa miinuko wala si kwa kilomita. Ramani ya simu itakwambia mzunguko mzima ni kati ya kilomita 400 na 450, jambo ambalo dereva yeyote wa barabara kuu atasema ni la kawaida. Haitakwambia kwamba breki zako zitafanya kazi ya wiki nzima kwa saa mbili.

Naandika nikiwaza mtu wa Nakuru mwenye gari dogo la familia, kwa sababu gari dogo linatosha. Njia yote ni lami, isipokuwa vipande vya ndani ya hifadhi. Anayetoka Kisumu namshauri aje alale Nakuru usiku wa kuamkia safari. Ukianzia Eldoret ukashuka kinyumenyume utafika Iten jua likikupiga usoni na bonde lote likiwa na ukungu wa asubuhi. Iten hutazama mashariki. Ukifika pale alasiri, jua liko mgongoni kwako na linamulika bonde lote hadi Milima ya Tugen uliyotoka kuivuka. Mpangilio wa siku nzima unatokana na jambo hilo moja.

Siku mbili kabla: mpelekee fundi gari

Usisubiri asubuhi ya safari. Mwambie fundi afungue magurudumu ayaone pedi za breki kwa macho yake, asikisie kwa kuskiliza. Mafuta ya breki yakiwa meusi au ya miaka mingi, yabadilishe, kwa maana yale yaliyofyonza unyevu huchemka mapema kwenye mteremko na kanyagio likazama hadi sakafuni. Rejeta ijae, mkanda wa feni usiwe na nyufa, na tairi la akiba liwe na upepo. Wengi wetu tunalo tairi la akiba, ila mara ya mwisho kulipima hatuikumbuki. Hakikisha jeki na spana ya nati viko ndani ya gari na spana inaingia kwenye nati zenyewe.

Beba lita tatu za maji ya kunywa kwa kila mtu na jerikeni nyingine ya lita tano kwa ajili ya rejeta. Beba sweta hata kama Marigat ni tanuri, kwa sababu Iten jioni kuna upepo unaopenya. Kofia, viatu vilivyofunikwa vidole, na pesa taslimu za noti ndogo. M-Pesa inafanya kazi karibu kila mahali, lakini mtandao hupotea kwenye mabonde na mama wa maembe hana muda wa kungoja ujumbe wako uingie.

Jaza tangi Nakuru. Vituo vya mafuta vipo Mogotio, Marigat, Kabarnet na Iten, lakini usipande mlima huku taa ya mafuta ikiwaka.

Jambo la usalama, nalo ni la uzito. Sehemu kadhaa za Baringo na Bonde la Kerio zimeumia miaka mingi kwa wizi wa mifugo na mashambulizi ya silaha. Njia ninayoieleza hapa hupitiwa na matatu kila siku, lakini usiongeze kipande chako kwa sababu umeona kibarabara kizuri. Usipite Kampi ya Samaki kuelekea Loruk bila taarifa za siku hiyohiyo. Ukifika Marigat, uliza stendi. Madereva wa matatu wanajua hali ya barabara kuliko mtu yeyote, na hawatakuficha. Usiwe ndani ya bonde lolote giza likiingia.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri: ondoka

Toka Nakuru kwa barabara ya Kabarak. Utapita Kabarak, alikozikwa Rais mstaafu Daniel arap Moi Februari 2020, kisha ardhi inaanza kulala na mashamba ya mkonge kujipanga kwa mistari pande zote mbili. Hapo utakuwa unakaribia Mogotio, nalo jua litakuwa linachomoza. Karibu na Mogotio kuna alama ya Ikweta. Simama dakika tano, piga picha, ondoka. Ikweta utaivuka tena jioni ukirudi kwa barabara kuu.

Baada ya Mogotio barabara ni nzuri na imenyooka, na hapo ndipo hatari yake. Mbuzi na ng'ombe huvuka bila kutazama, na mtoto anayewachunga huwa nyuma yao, haonekani hadi dakika ya mwisho. Mbuzi mmoja akivuka, punguza mwendo kwa ajili ya wale kumi wanaomfuata. Kama ni msimu wa mvua, utakutana na makorongo yanayokata barabara. Maji ya kahawia yanayokwenda kwa kasi usiyaingie, hata kama lori limepita mbele yako. Zima gari, ngoja. Makorongo ya huku hujaa kwa dakika chache na hupungua ndani ya saa chache.

Saa moja na nusu: Bogoria

Kabla kidogo ya kufika Marigat kuna njia ya kulia kwenda Loboi, kama kilomita 20 za lami hadi lango la hifadhi. Hapa lazima uamue: Bogoria au Baringo. Usijaribu yote mawili. Ziwa Baringo ni la maji baridi, lina viboko na mamba na safari za mtumbwi kutoka Kampi ya Samaki, nalo linastahili siku yake peke yake. Kwa safari hii chagua Bogoria, tena asubuhi hii mapema, kwa sababu mvuke wa chemchemi huonekana vizuri hewa ikiwa bado na ubaridi. Ukija saa sita, joto la hewa limeshaula mvuke nusu.

Getini uliza maswali mawili: barabara ya kwenda kwenye chemchemi za Loburu iko wapi siku hizi, na maji yamefika wapi. Ziwa limepanda sana tangu miaka ya 2010. Limemeza barabara za zamani na lango la kwanza, na utaiona migunga iliyokufa ikisimama ndani ya maji, myeupe kama mifupa, na ndege juu yake. Ramani ya simu huenda ikakuongoza moja kwa moja ziwani. Mfuate askari wa hifadhi.

Loburu hukusalimu kwanza kwa harufu, kama ya yai lililooza, kisha kwa sauti ya maji yanayogugumia ardhini kabla ya kuruka. Maji haya yako karibu na kiwango cha kuchemka. Shika mkono wa kila mtoto, usiwaachie hata kwa picha moja. Udongo wa kando ya chemchemi unaonekana mgumu na mkavu, wenye ukoko mweupe wa magadi, lakini mahali pengine ni ukoko tu na chini yake ni maji yanayotokota. Kanyaga pale tu palipokanyagwa na wengi. Watu huleta mayai kuchemsha. Ukifanya hivyo, yafunge kwenye mfuko wa wavu wenye kamba ndefu ukae mbali, na maganda uondoke nayo.

Heroe, ndege wale wa waridi ambao wengi wetu tunawaita flamingo, siwezi kukuahidi. Wanakula vijimea vidogo vya maji ya magadi, na maji yakibadilika wao huhamia Nakuru, Elementaita au mbali zaidi. Siku nyingine ukingo wote ni waridi, siku nyingine wapo mia mbili tu. Angalia pia miteremko ya upande wa pili, kwa sababu Bogoria ni mojawapo ya sehemu chache za Kenya ambapo tandala mkubwa bado anaonekana.

Jina la ziwa hili kwenye ramani za kikoloni lilikuwa Hannington, la askofu Mwingereza aliyelipita mwaka 1885. Lakini kabla yake na baada yake lilikuwa la Waendorois. Hifadhi ilipotangazwa mwaka 1973, waliondolewa kwenye malisho na mahali pao pa ibada. Walipigana kisheria hadi Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo mwaka 2010 uamuzi wake ulitangazwa: haki zao zilivunjwa, warudishiwe ardhi na walipwe fidia. Nalitaja kwa sababu mwenye kukuuzia asali barabarani, au kijana anayejitolea kukutembeza, huenda ni mmoja wao. Mlipe vizuri na umuulize habari za ziwa. Kwa Kiingereza cha mabango hutapata nusu ya utakayoambiwa naye.

Ondoka saa tatu na nusu. Saa hii ni muhimu kuliko nyingine zote, kwani kila dakika unayokopa hapa utailipa gizani Salgaa, kwenye barabara kuu ya kurudi.

Marigat: asali, na miba

Asali ya Baringo huuzwa kando ya barabara kwenye chupa zilizopangwa juu ya meza. Usinunue chupa ya kwanza. Mwombe mwenye meza kukuonjesha, naye hatakataa. Mara ya mwisho nilimuuliza, "Mama, hii ni ya msimu huu?" Hakunijibu. Alifungua chupa, akainamisha, akaacha uzi wa asali ushuke kwenye kijiti hadi ukakunjana juu yake mwenyewe kama kamba, kisha akasema, "Onja kwanza, mwanangu, halafu uniulize." Ilikuwa na harufu ya moshi na ya maua ya mgunga. Nilichukua mbili.

Nyumbani Nakuru zile chupa ziliganda baada ya wiki kadhaa, na jirani akaniambia nimeuziwa sukari. Sivyo. Asali halisi huganda, hasa ikitoka kwenye joto ikaja kwenye baridi. Weka chupa ndani ya sufuria ya maji ya uvuguvugu, itarudi. Usiichemshe.

Sasa miba. Kichaka kile cha kijani kibichi kilichojaa kila mahali Marigat, hata pale ambapo nyasi zimekufa, ni mathenge. Kililetwa miaka ya 1980 kuzuia mmomonyoko na kuwapa watu kuni, kikaenea hadi kikafunga malisho na mapito. Maganda yake matamu yaliwaozesha mbuzi meno, na wakazi wakaenda mahakamani Nairobi pamoja na mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Kwako wewe dereva, jambo la kujua ni kwamba mwiba wake unatoboa tairi. Usiegeshe gari chini ya mathenge, wala usitoke nje ya lami kutafuta kivuli. Mimi nilitoka mita tatu tu, nikakaa robo saa, nikaondoka bila kuona lolote. Tairi halikuisha upepo siku ile. Lilianza kushuka usiku nikiwa nimeshalala.

Saa nne na nusu: Milima ya Tugen

Kutoka Marigat hadi Kabarnet ni kilomita 40 hivi, na zinapanda. Zima kiyoyozi, fungua vioo, weka jicho kwenye mshale wa joto. Ukianza kupanda kupita kawaida, washa hita ya ndani hadi mwisho. Itakuunguza miguu, lakini inaondoa joto kwenye injini. Usipotulia, simama pahali pa wazi, fungua boneti, ungoje. Kifuniko cha rejeta usikiguse kabla ya nusu saa.

Katikati ya mlima simama kwenye sehemu pana na utazame ulikotoka. Siku ya hewa safi utaona maziwa chini kule, na udongo mwekundu umekatwakatwa na makorongo kama kiganja cha mzee. Ni katika milima hii ambapo mwaka 2000 watafiti walipata mifupa waliyoiita Orrorin tugenensis, ya kiumbe aliyeishi miaka milioni 6 hivi iliyopita na ambaye inaaminika alitembea kwa miguu miwili. Jina la Orrorin limetoka kwenye lugha ya Watugen wenyewe.

Kabarnet ni mji wa kula. Fika saa tano u nusu, kula ugali na mbuzi au chapati na maharagwe, na umalize na chai. Kuna makumbusho katika nyumba iliyokuwa ya mkuu wa wilaya. Kama umefika mapema, ingia nusu saa. Kama umechelewa, iache.

Saa sita na nusu: kushuka Kerio

Hapa nitakaa kidogo, kwa maana hapa ndipo magari huharibikiwa.

Gia unayopandia mlima ndiyo unayoshukia. Kama mteremko huo ungeupanda kwa gia ya pili, ushuke kwa ya pili, na uiingize kabla mteremko haujaanza, si gari likiwa limeshakimbia. Mwenye gari la otomatiki asogeze mkono wa gia hadi 2 au L, au S kwenye magari yenye alama hiyo. Injini italia kwa sauti ya juu. Iache ilie, ndiyo inayokushikilia. Breki zikanyage kwa uthabiti, kwa muda mfupi, kisha uachie kabisa zipate hewa. Kuweka mguu juu ya breki kidogokidogo kilomita nzima ndiko kunakozichoma.

Nilijifunza hivi kwa harufu. Nilikuwa nashuka hapa na dada yangu, gia ya nne, mguu juu ya breki, tukaanza kusikia harufu kama ya plastiki inayoungua. Kanyagio likawa laini. Nilibahatika kupata mahali pa tambarare kabla ya kona iliyofuata. Dereva wa lori la mawe aliyekuwa amepumzika pale alikuja, akaweka mawe mawili nyuma ya magurudumu yetu, akanizuia nisimwage maji. "Chuma moto ukikimwagia maji kitapinda au kupasuka," alisema. "Kaa hapa, kunyweni maji wenyewe." Tulikaa dakika 40. Breki zilirudi. Tangu siku ile hushuka kwa gia ya pili, na matatu zikinipigia honi nyuma nazipisha.

Chini kabisa kuna daraja la Chebloch, ambapo Mto Kerio umejikata njia ndani ya mwamba na kuwa korongo jembamba lenye kuta za mawe. Mto huu unakwenda kaskazini, hadi Ziwa Turkana. Vijana wa hapa hujirusha kutoka juu ya mwamba hadi majini. Wamekua na mwamba huo na wanajua kina cha kila shimo. Ukitaka kuwapiga picha, kubaliana nao malipo kwanza. Wewe usijirushe, na usisogee ukingoni kwa ajili ya picha, maana mawe yamelainishwa na maji na mto una mamba.

Ng'ambo ya daraja, ikiwa ni msimu, utaona maembe yamerundikwa kwenye ndoo. Nunua hapa, si Iten. Yametoka moja kwa moja kwenye mti, na bei ni ya mkulima.

Saa nane: Tambach na Iten

Kupanda Tambach ni kona baada ya kona. Kaa upande wako, piga honi kwenye kona usiyoona mbele yake, na mpe nafasi anayepanda na mzigo. Hewa inabadilika ndani ya nusu saa: unatoka kwenye migunga na joto la kifuani unaingia kwenye miti mirefu, ng'ombe wa maziwa na mashamba ya mahindi.

Simama ukingoni kabla ya kuingia mjini. Kuna sehemu za kutazamia, nyingine za bure, nyingine kwenye hoteli ambapo utanunua chai upewe na kiti. Kaa angalau nusu saa. Utaona barabara uliyopita kama uzi, na ng'ambo yake Tugen, ya buluu, na ukijua pa kutazama utaionyesha familia pale mlipokula. Jua liko nyuma yako, na vivuli vya mawingu vinatembea bondeni kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Ukiingia Iten punguza mwendo hadi 50 au chini yake. Wanariadha hukimbia kando ya barabara asubuhi, na wengi hutoka tena alasiri. Ni mji alikosoma David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 mjini London mwaka 2012, na bado ni mji wa vijana wanaojaribu kumfuata. Mpe mkimbiaji nafasi ya gari zima. Ukipata mursik, maziwa yaliyolazwa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa wa mti wa senetwet, jaribu kikombe kimoja. Kwa asiyeizoea, kimoja kinatosha kabla ya safari ya saa nne.

Saa tisa na nusu: rudi

Usipitishe saa hii. Iten hadi Eldoret ni kama kilomita 35, na Eldoret hadi Nakuru ni kilomita 155 zilizojaa malori. Utapita Burnt Forest, kisha Timboroa, zaidi ya mita 2,700, ambapo ukungu na mvua ya mawe si jambo geni, kisha Mau Summit na ule mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa. Sachangwan lori la mafuta liliwaka moto Januari 2009 na watu zaidi ya mia moja wakafa. Mteremko ni mrefu na hauonekani mkali, ndiyo maana malori huchoma breki pale. Tumia somo la Kerio: gia ndogo, nafasi kubwa mbele, usilipite lori kwenye mteremko. Kama saa kumi na moja imekukuta ungali Eldoret, tafuta chumba ulale. Bei ya chumba ni ndogo.

Ukifika nyumbani usioshe gari usiku huo, lala. Asubuhi, kabla ya kuwasha, zunguka magurudumu yote manne, inama, pitisha mkono taratibu kwenye mpira, ndani na nje. Mwiba wa mathenge hukatika ukabaki umezama, unaona tu kichwa cheusi kama cha msumari mdogo. Usiung'oe hapo. Endesha polepole hadi kwa fundi wa pancha, mwonyeshe, naye auvute akiwa na kiraka mkononi.